Aliyeitikia Jina la Nasieku

Jumatatu, 5 Januari
Nimefungua kibanda mapema. Vumbi la Karatu, magari ya watalii, wanunuzi wa tiketi wa kuhesabika. Mwaka huu bahati nasibu ya serikali ina zawadi mpya: mtoto mmoja kusomeshwa hadi kidato cha nne. Jina lililo kwenye tiketi ndilo linaloshinda. Na limetoka kwangu! Nasieku, wa Malambo. Tiketi niliuza mimi. Bibi mmoja alimkatia mjukuu wake, ambaye ni somo yake, jina moja. Nimefurahi kama vile ni mwanangu.

Jumatano, 7 Januari
Mnadani Malambo, mimi na dereva Lemburis, mwenyeji wa huku. Nikaliita jina kwenye kipaza sauti. Watu wakanyamaza. Nikaita tena, wakaanza kuondoka. Mimi ni mbishi, nikaita mara ya tatu. Tukabaki mimi na mbuzi.

Lemburis akaninyang'anya kipaza sauti, akaninong'oneza. Yule bibi wa tiketi amefariki. Kwao jina la marehemu haliitwi, na aliyekuwa nalo hupewa lingine. Mtoto sasa ni Nashipai. Ningejuaje? Kwetu Singida marehemu tunamtaja mpaka achoke.

Alhamisi, 8 Januari
Tumelala huku huku. Asubuhi nimekwenda bomani kwa kina Nashipai. Nikamweleza mama yake: kesho makao makuu watapiga simu, wataita jina la kwenye tiketi, mtoto aitike. Asipoitika, bahati nasibu inachezeshwa upya. Mama anataka sana mwanawe asome. Ila jina lile, hapana.

"Ukiitika," akasema, "marehemu anajua upo."

Nilikasirika. Ushamba gani huu. Mtoto alinisindikiza hadi kwenye gari, akauliza kama ni kweli shuleni kuna vitanda vya juu.

Ijumaa, 9 Januari
Simu yangu imelia tukiwa bomani, nikaweka spika. Kijana wa ofisini akaita, "Nasieku?" Mtoto kajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka. Kijana akaita tena. Akasema anakata.

"Abee," nikasema, kwa kisauti chembamba.

Akanipongeza. Basi, mtoto anasoma. Mama yake alinitemea mate kichwani, ndiyo baraka yao, kisha akamvuta mwanawe mbali nami.

Jumanne, 13 Januari
Nikiwa nafagia kibanda, mtu kaita Nasieku. Sauti ya bibi, taratibu, kama anaomba kiti. Nikatoka. Barabara tupu. Nimejicheka.

Alhamisi, 15 Januari
Mara mbili leo, sokoni. Kisogoni kabisa. Wauza vitunguu hawakugeuka. Nimemuuliza Lemburis kuna dawa gani. Amesema nisiitike tu, na chai yangu hakunywa. Naogopa. Sioni aibu kuandika hivyo.

Jumatatu, 19 Januari
Nimempeleka Nashipai shule. Sketi mpya, sanduku la bati, anacheka peke yake. Tulipofika getini ile sauti ikaita. Jua kali, watu tele.

Mtoto akageuka.

Naye ameisikia. Mama yangu! Naye ameisikia. Akafungua mdomo aitike. Nikamwahi.

"Abee, bibi," nikasema. "Niko hapa. Twende nyumbani."

Mtoto akanitazama, akaniaga, akakimbilia wenzake. Nimerudi polepole. Sikugeuka nyuma.

Jumapili, 25 Januari
Mvua ndogo. Sikwenda kanisani. Mama Nashipai amepiga simu: mtoto hajambo, kapata kitanda cha juu, analala vizuri.

Wiki nzima sijaitwa. Nimepika chai ya maziwa, nikamimina vikombe viwili. Cha pili nimekisogeza upande wa bibi.