Kifua Nyuma ya Tarumbeta la Baba

Dada yangu Mwajuma,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumaini hapo Kibaha mmeamka wazima, wewe, shemeji na wapwa zangu. Mimi huku Nairobi mwili haujambo. Baridi yao nimeizoea, Kiswahili chao bado. Lakini roho yangu haijatulia, na ndiyo maana nimempa barua hii mwenzangu anayekuja huko badala ya kupiga simu. Nikikupigia utalia, ukilia utampigia Mama hapo hapo, na simu ya Mama anaipokea Baba. Siri huiwezi, dada, wewe ni pakacha tangu utoto. Basi isome mpaka mwisho kabla hujashika simu.

Unajua Baba aliniomba nimtengenezee muziki wa harusi ya mdogo wetu Zuhura. Alisema wenzake wa bendi ya matarumbeta wametawanyika, amebaki peke yake pale kijijini Marui, na harusi ya binti yake haitanoga kwa tarumbeta moja. Akajirekodi kwa simu, akanitumia.

"Inenepeshe, mwanangu," aliniambia. "Watu wadhani tuko kumi."

Kazi yenyewe ndiyo hii ninayoifanya studio. Tuna matarumbeta ya okestra yaliyorekodiwa Ulaya yakawekwa kwenye kompyuta. Unabonyeza kinanda, yanalia. Ukiyaacha hivyo hivyo yanalia kama ya plastiki. Kwa hiyo nikayapanga chini ya tarumbeta la Baba, yale mazito yakashika besi, nikapunguza yanayochoma sikio, nikayakwaruza kidogo yapate joto la shaba halisi, nikayatia mwangwi wa ukumbi. Yakanguruma! Nikacheka peke yangu kwa furaha. Ikabaki kuibana sauti ya Baba. Ukiibana, kilicho kikubwa kinashuka na kilicho kidogo kinapanda, ndipo tarumbeta linasimama imara.

Kilichopanda ni kifua chake. Kila akimaliza mstari kuna kitu kinakoroma, kama uji unaochemka sufuriani. Nikadhani ni waya. Nikabadilisha waya, nikabadilisha na spika, kikaendelea kukoroma. Nikatafuta rekodi yake ya Idd ya mwaka jana, nikaibana vile vile. Kimya. Nikarudi kwenye hii mpya, nikaibana zaidi, na pale mwishoni, alipokwisha kupuliza, nikamsikia Mama kwa mbali.

"Temea hapa. Isidondokee kanzu tena."

Na Baba akamjibu, "Si damu kidogo tu hii? Watoto wasijue."

Tangu hapo hata kuwasha kompyuta naogopa. Naogopa sana, dada. Bosi wangu alisema nivikate tu vile vipande vya pumzi, muziki utakuwa safi. Nimevikata, na kweli umekuwa safi. Vipande vyenyewe nimeshindwa kuvifuta.

Nenda Marui. Usimuulize kama anaumwa, atakwambia ni vumbi la shamba. Mwambie anahitajika Kibaha kwa mambo ya harusi, na akishafika mpeleke hospitali moja kwa moja. Akigoma, mwambie mimi Shabani nimeshasikia. Mficha maradhi, unajua mwenyewe kinachomuumbua.

Nisalimie shemeji, mwambie anisamehe kwa kukutoa nyumbani ghafla. Mama msalimie, wala usimlaumu, najua amekatazwa kusema. Zuhura bibi harusi mwambie muziki wake uko tayari. Kitinda mimba wetu Mwanahawa mkumbatie tu, usimwambie neno. Jana Baba ametuma rekodi nyingine. Anataka niinenepeshe na hiyo, kisha niitunze vizuri mpaka siku yake ifike. Ni ya harusi ya Mwanahawa. Na Mwanahawa, dada, yuko kidato cha pili.

Mdogo wako anayekutegemea,
Shabani