Ile kitu docta aliniambia mimi peke

Siku ya ine ya juma hii, Butembo. Ukungu haijatoka, na mimi nimechoka. Niko pembeni ya kitanda ya bwana yangu Kasereka, hapa hopitali, na leo naandika ile kitu nilibaficha.

Munakumbuka video niliweka hapa kwa ukurasa yangu? Kasereka ni motard, anabeba batu na moto, ile pikipiki. Alianguka kwa barabara ya Beni, guidon, usukani ya moto, ikamupiga kwa tumbo. Hata damu haikutoka. Bakamulaza siku ine, bakamuruhusu. Mais kwetu, motard akitoka hopitali, benzake ndio banamurudisha, na klaksoni, mupaka kwa mama yake. Mama yake iko Vuhovi.

Docta alisema: apumuzike juma sita, moto hapana kabisa. Aliniambia mimi peke, Kasereka alikuwa tayari inje na benzake, bote banacheka.

Nikanyamaza.

Nilipenda ile kelele, niseme kweli. Nilipenda batu batoke kwa milango, baone bwana yangu ni mutu ya maana. Bakamubeba kwa moto mupaka Vuhovi, na mimi nikapanda nyuma ya moto ingine, nikafilimu mashimo yote ya ile barabara. Ninyi mukaandika: Mungu ni mukubwa.

Kisha siku kumi na moja, tunakula foufou, akasema bega ya kushoto inamuuma. Akaanguka pale pale. Kumbe mushipa ya damu yenye kuenda kwa rate, ile bandama, chini ya mbavu ya kushoto, iliumia tangu siku ya kwanza. Ikavimba polepole, kama chambre à air ya gurudumu yenye imezeeka, halafu ikapasuka. Hapa hopitali bakamupasua, bakatosha rate.

Niliuliza docta kama ni ile safari ya Vuhovi. Akasema, "Mama, ingeweza kupasuka hata akilala. Sijui." Ile sijui ndio inanichokesha. Angesema ndiyo, ningelia, nimalize.

Kesho anatoka. Asubuhi prezida ya bamotard amepiga simu: "Shemeji, tumeshaosha bamoto ya kumurudisha." Nikasema hapana. Akacheka, ati naogopa bure. Basi nikamuelezea yote, na vile nilinyamaza.

"Donc tutakuja na miguu," akasema. "Yeye atapanda gari, itaenda polepole, sisi nyuma."

Hakunitukana. Afazali angenitukana.

Sasa anabakia mutu moja wa kuambia. Kasereka iko hapa, analala, mukono yake juu ya pansement ya kidonda. Kama benzake batakuja na miguu, atauliza juu ya nini hapana moto. Sitaki ajue kwa barabara, mbele ya batu.

Akiamuka nitamuambia. Nimeiandika hapa ili nisikimbie.