Niiwashe au nisiiwashe taa ya boti ya kaka yangu?

Tantine Naomie mpendwa,

Mimi ni msomaji wako wa hapa Kindu, kila juma mke wangu ananisomea ukurasa wako wa ushauri gazetini kwa sauti huku akinitupia jicho la pembeni, kana kwamba kila mume unayemkemea ni mimi, na leo ni mimi mwenyewe ninayeomba msaada wako, tena haraka, maana maonyesho ya klabu yetu yamekaribia na sijui nitamtazamaje mama yangu siku hiyo.

Klabu yetu ni ya watu wanaounda boti ndogo, mifano ya boti za kweli zilizopita au zinazopita kwenye mto Lualaba, kila moja urefu wa mkono hivi, na usicheke Tantine, sisi ni watu wazima na akili zetu, wengi ni wastaafu wa reli na walimu, rais wetu Papa Godefroid Ngeleka alikuwa mkuu wa stesheni njia ya Kibombo, tunakutana Jumapili Wakristo wakishatoka kanisani, tunakata mbao za masanduku, tunachonga, tunapaka rangi, na mke wangu atakuambia kwamba boti yangu imekula kandambili zake, ni kweli, nilizikata nikatengeneza yale matairi yanayoning'inizwa ubavuni ili boti isigonge gati. Mara moja kwa mwaka tunazipanga zote ukumbini juu ya meza ndefu na mji unakuja kutazama.

Tuna desturi zetu mbili. Hatuandiki jina la boti ubavuni mpaka aje mtu aliyepanda ile ya kweli, aizunguke hii ndogo, aiguse, aseme ndiyo yenyewe. Na mbele ya kila boti tunaweka balbu ya tochi na betri, halafu siku ya maonyesho boti inayotembea bado, au iliyozeeka ikafia bandarini, tunaiwasha taa, lakini ile iliyozama na watu tunaiacha gizani, na kila mtu Kindu anajua maana yake, ukipita mbele ya boti isiyo na taa unavua kofia.

Mwaka huu nimeunda Furaha ya Lokandu. Ilikuwa boti ya mbao yenye injini, ikibeba watu na mizigo kati ya Kindu na Ubundu, na wakati wa vita, mji ulipokuwa umezingirwa, chumvi ikawa kitu cha kuombana, kaka yangu Waziri alipanda humo kwenda Lokandu kutafuta chakula, akamwambia mama atarudi nayo. Haikurudi. Wengine walisema imechukuliwa na wanajeshi, wengine walisema imezama, kuna mmoja aliapa amemwona Waziri kule mjini Lubutu akiuza baiskeli, na sisi kila uvumi tuliukaribisha nyumbani, ndiyo maana mpaka leo hatujamsomea hitima. Kila Idi mimi humwambia mama, labda mwaka ujao Waziri atakula nasi kwenye sinia, na yeye huitikia "Inshallah" akaendelea kupakua.

Nilidhani mama atakasirika kusikia naunda boti ile, kumbe alifurahi, Tantine, anakumbuka kila kitu, rangi ya vyuma vya pembeni, madirisha mangapi, mahali nahodha alipotundika shati lake. Akakata kipande cha kitambaa cheupe, akakishona pindo vizuri sana, akaniomba nikitandike kule chini mahali abiria walipokaa na mizigo. Nikamwambia mama, mule hamna vitanda, shuka ya nini? Akasema, "Weka tu." Nikaweka. Nilipomaliza kufunga taa nikamwashia palepale nyumbani ili aone, na hilo ndilo kosa langu, sikungoja. Aliitazama muda mrefu akasema, "Taa yake iko na moto muzuri." Halafu akaniuliza, "Idrissa, ile mulango ya chini, ilikuwa inafungukia ndani ao inje?" Nikamjibu sijui, maana kweli sikujua, niliweka bawaba kwa kubahatisha. Kesho yake akauliza tena, na juma lililofuata tena, nikasema moyoni uzee huo, kurudia swali lile lile.

Ndipo akaja Papa Numbi. Alikuwa fundi wa injini ya Furaha ya Lokandu, miaka yote hii aliishi Obokote, amerudi juzi kwa binti yake hapa mjini na Papa Ngeleka akamwita aje kuishuhudia boti yangu. Aliizunguka boti, akagusa kila mahali, akalia. "Njo yenyewe," akasema. "Lakini mulango umeweka mubaya. Ile ilikuwa inafungukia inje, na siku ile niliifunga na kamba ikae wazi, sababu ya joto. Hakuna muntu alifungiwa mule." Akatuambia ilipita Lokandu kwa sababu wanajeshi walikuwa kwenye gati wanapiga risasi, nahodha akaogopa kutia nanga, na mbele kidogo wakagonga jiwe, ikapinduka mara moja. Nikamuuliza kuhusu Waziri. "Ndugu yako alikuwa inje na mimi, pembeni ya injini, tulikuwa tunaongea. Mimi niliogelea. Yeye sikumuona tena."

Joséphine alikuwepo. Ni mwalimu, mwanachama mwenzetu, na baba yake alikuwa katika boti ile ile. Aliketi chini kabisa, sakafuni, akasema, "Basi leo naweza kulia." Sasa ameomba misa na amemwambia rais kwamba taa ya Furaha ya Lokandu isiwashwe, na mimi siwezi kumlaumu. Papa Ngeleka ameniambia, "Boti ni yako, lakini taa ni ya watu wote."

Mlango nimeshaugeuza kama alivyosema Papa Numbi, nimeuwekea bawaba mpya za bati la kopo la sardini. Lakini mama sijamwambia neno. Kila mwaka anakaa kiti cha mbele, anajua taa isiyowaka ina maana gani, na hii aliiona ikiwaka kwa mkono wangu mwenyewe! Nikiizima namuua. Nikiiwasha namtukana Joséphine na wote waliofiwa. Nimefikiria niseme betri imekufa, au rangi haijakauka nisiipeleke kabisa. Mke wangu anasema nimwambie ukweli, lakini kusema ni rahisi kwa asiye mwanawe. Mama anaishi kwa tumaini lile moja. Nitalivunjaje?

Nijibu, Tantine, na ubadilishe majina.

Idrissa, Kindu

*

Idrissa mwanangu,

Majina nimebadilisha yote, hata la boti, ingawa katika mji wenye klabu moja ya boti ndogo sijui mimi na wewe tunamficha nani.

Pole kwanza. Pole sana. Umefiwa na kaka yako juzi, wakati wengine wanahesabu ni zamani, na tangu siku hiyo unakwenda kazini, unarudi, unakula, hakuna aliyekupa hata mkono wa pole kwa sababu hata wewe mwenyewe hujakiri kwamba umefiwa. Joséphine aliketi sakafuni akalia. Wewe ulikwenda kutafuta kopo la sardini. Nimesoma barua yako nikalia mimi kwa niaba yako, kisha nikapangusa macho, nikaisoma tena, na mara ya pili nikakasirika kidogo, kwa hiyo vumilia.

Jibu la swali lako ni fupi: usiiwashe. Hilo unalijua. Rais wako amekuambia, mke wako amekuambia, na mpe heshima yake mke wako, umemkatia kandambili na bado anakupa ushauri wa bure. Na hiyo habari ya betri imekufa sitaki kuisikia. Huyo ni mama yako, si mteja aliyekuja kununua tochi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Unasema mama anaishi kwa tumaini. Nimelitafuta tumaini hilo katika barua yako nione limetoka kinywani mwa nani. Nani husema kila Idi kwamba Waziri atakula nasi mwakani? Wewe. Mama anaitikia Inshallah na kupakua wali, kama mimi ninavyomwitikia mjukuu wangu anaposema atakuwa rubani. Mtu anayemngoja mwanawe angekuuliza umesikia nini Lubutu. Huyu hakuulizi habari za Lubutu hata mara moja.

Halafu kile kitambaa. Idrissa, wewe ni Muislamu, umezika watu. Mama mzazi anachukua kitambaa cheupe, anakishona kwa mkono wake, anaomba kitandikwe mahali alipodhani mwanawe alilala, na wewe unamwuliza shuka ya nini! Hakuwa anatandika kitanda. Alikuwa anamvika sanda mtoto ambaye hakupata nafasi ya kumvika, kwa njia pekee aliyoachiwa, na akakwambia "weka tu" kwa sababu aliona bado hujawa tayari. Naona miaka hii yote mama hakungoja Waziri. Alikungoja wewe.

Sikucheki, mwanangu. Nimeona nyumba nyingi kama yenu tangu vita, kila mmoja anambebea mwenzake tumaini ambalo mwenyewe ameshalitua, na hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kusema. Mnafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini mmechoka, na kaka yako hajasomewa.

Na kuna jambo moja limeniuma kuliko yote. Lile swali ulilodhani ni uzee. Mama hajasahau kwamba alishauliza. Anauliza kila mara kwa sababu hujamjibu. Fikiria, tangu wakati ule anaishi na picha gani kichwani: watu chini, mizigo, maji yanaingia, na mwanawe anasukuma mlango usiofunguka. Ukiwa umelala fofofo yeye anausukuma ule mlango pamoja naye. Ameona umeunda boti yote, akadhani hatimaye kuna mtu anayeweza kumwambia. Na wewe sasa unajua! Umeshasikia kwamba mlango ulikuwa wazi, kwamba hakuna aliyefungiwa, kwamba Waziri hakuwa chini kabisa, alikuwa nje hewani, anapiga soga na fundi wa injini. Unayo habari moja njema katika msiba huu wote, na umeificha pamoja na ile mbaya kwa kuogopa kumuumiza.

Basi fanya hivi, na ufanye juma hili, usingoje siku ya maonyesho. Mwambie Papa Numbi aje nawe nyumbani, mchana, baada ya mama kuswali na kula. Azungumze yeye, maana alikuwepo, na mama atataka kumwuliza mambo ambayo hawezi kukuuliza wewe. Umkaribishe na Joséphine akitaka kuja, mtu aliyefiwa katika boti moja nanyi ni ndugu yenu sasa, na hitima yenu na misa yake mnaweza kuzipanga juma moja ili watu wa mji waje kwenu wote wawili. Mke wako apike. Wewe usihutubie.

Taa mwachie mama. Toa betri kabla ya kufika nyumbani, mpe mkononi, mwambie hii ni yako, utatuambia la kufanya. Mimi nadhani ataifunga kwenye pindo la kanga yake na hutaiona tena. Lakini kama ataomba iwashwe, basi boti hiyo ikae nyumbani kwake, iwake humo mpaka achoke mwenyewe, na ukumbini upeleke nyingine mwakani. Ukumbi una watu wengi waliofiwa, hawawezi kungoja nyumba moja, ila mama pia hawezi kukimbizwa.

Siku ya maonyesho, kama boti itakwenda, usijifiche nyuma ya meza ukijidai unarekebisha rangi. Kaa naye kiti cha mbele. Watu watakapovua kofia, vua na wewe ya kwako, hiyo ni ya kaka yako.

Lakini ukifika nyumbani hiyo siku ya kwanza, usianze na taa, wala jiwe, wala maji. Weka boti mapajani mwa mama. Tia kidole kwenye ule mlango wa chini, uufungue kuelekea nje mpaka mwisho wa bawaba zako za sardini, umwambie, "Mama, ilikuwa inafungukia inje." Kisha mwache autazame.

Tantine Naomie