Nimetubia, Lakini Fomu ya Viza Yauliza

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijajiharibia, mimi ni mama wa Langoni, hapa Lamu, binti yangu wa pekee ameolewa Uingereza na sasa ana mimba ya kwanza, mumewe ameniletea mwaliko niende nikamlee arobaini yake, nimpikie uji, nimfunge mkaja tumboni, maana huko hana mtu, lakini fomu ya viza inauliza kama nimewahi kuhukumiwa na korti, na mimi, Bi Aaliya, mwaka 2014 nilifungwa miezi sita kwa kuuza mafuta ya kasa, yale ya kuchulia vifua vya watoto, nilifunzwa na mamangu wala sikuona kosa mpaka maaskari wa wanyamapori walipobisha hodi. Binti alikuwa bweni Mombasa, tukamwambia niko Faza namuuguza nyanyake, na hajui mpaka leo. Yasir, mtoto wa kakangu, anayenijazia fomu, asema, "Shangazi, huko Uingereza ni nti za watu, hawaiyui korti ya Lamu, andika hapana." Nami nilishatubia, na Mola ni mwenye kughufiria, sasa kosa lililofutwa nalitaja la nini? Lakini roho haitulii.

Mama wa Langoni

Mama wa Langoni, pole, na hongera ya mjukuu. Roho yako ina akili kuliko Yasir. Toba ni baina yako na Mola, hakuna ofisi inayokudai hiyo. Fomu haikuulizi kama una dhambi, inauliza kama ulihukumiwa, na ulihukumiwa. Ukiandika hapana wakagundua, wanaweza kukufungia mlango miaka mingi, na hata mjukuu wa pili usimwone.

Andika ndiyo. Eleza kwa ufupi kosa lilikuwa nini, kwamba kifungo ulikimaliza na hukurudia. Nenda kortini ukaombe nakala ya hukumu, kisha umwone wakili anayejua mambo ya viza. Yasir mpe chai, kalamu mnyang'anye. Na tafadhali, bibi wewe, mafuta ya kumchulia mtoto beba ya nazi!

Siwezi kukuahidi kwamba utapata viza. Wanaweza kukunyima, ndiyo maana simu kwa binti yako inatangulia fomu. Mwambie leo ulikuwa wapi miezi ile. Atakasirika, atalia, mwache alie. Akijua, ukinyimwa mtalia pamoja. Asipojua, hutaweza kumwambia kwa nini ulinyimwa, naye atajifungua ugenini akiamini mamake alialikwa akakataa kwenda.