Kilichoniponya Si Moto, na Mama Mkwe Hajui

Mpendwa Shangazi Malavan, nakuandikia unisaidie kupata maneno, maana nina shukrani nyingi kuliko ninavyoweza kuzisema, na shukrani hizo hizo ndizo zilizonifunga mdomo, na sasa kuna mtu anaweza kufa kwa sababu ya adabu yangu.

Mimi ni Sengmani, mke wa Khamsing, tuko huku juu kwenye kahawa, Paksong. Nilipomzaa binti yetu Dao nilitoka damu mpaka nikapoteza fahamu, na nilipozinduka mama mkwe wangu, Mama Onsi, alikuwa keshanilaza kwenye kitanda cha mianzi juu ya makaa kama wazazi wote wa kwetu wanavyolazwa, ninywe maji ya moto ya mizizi na nile wali wa kunata kwa chumvi ya kuchoma, lakini kila nikikaa lile joto linanizungusha kichwa naanguka, basi nikateremka kabla ya muda, na tangu hapo kila kilichonipata kikaitwa kosa la moto, maziwa hayakutoka hata tone, hedhi haikurudi, nywele za kwapani zikapukutika, nikawa mtu wa kuvaa sweta jua likiwaka, nachuma kahawa nusu kikapu nakaa chini kama bibi kizee. Dao angekufa njaa, Shangazi. Wifi yangu Vanna, dada yake Khamsing, alikuwa na mtoto mchanga wakati ule, akamchukua na wangu akamweka titi la pili, akaniambia, "Mimi ninayo mawili, wifi. Wewe lala." Dao sasa anakwenda shule, na kila nikimwona anakimbia namkumbuka Vanna.

Na Mama Onsi je? Majirani waliponiita mvivu aliwafuata mpaka milangoni kwao. Mwaka jana nilipoanguka shambani akasema basi, nitalazwa moto upya hata kama sijazaa, tulifute lile kosa, akaenda kukata kuni mwenyewe na umri ule, akakaa na makaa yale yasizime. Siku hizo hizo Khamsing alikuwa amenipeleka ng'ambo ya mpaka, Ubon, daktari akanitoa damu na kunipiga picha ya kichwa, akanieleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, inayotuma homoni kwenda kuziamrisha tezi nyingine, ile ya shingoni itie mwili joto, zile za juu ya figo zitupe nguvu ya kusimama, matiti yatoe maziwa, na kwamba yangu iliharibika ile siku ya kuzaa kwa kukosa damu, kwa hiyo tezi nyingine zote zilikuwa zimekaa zinangoja amri ambayo haiji. Akanipa vidonge vya maisha yangu yote. Nikarudi nyumbani, nikavimeza nikiwa juu ya makaa, na haukupita muda mrefu nikavua sweta. Mama Onsi alilia kwa furaha, akaalika watu wakanifunga nyuzi nyeupe mikononi kuirudisha roho yangu mwilini, na kila aliyefunga alimsifu yeye na moto wake, nami nikiiangalia mikono yake iliyojaa alama za cheche, niseme nini? Khamsing naye akaninong'oneza, "Mwache mama afurahi, kwani wewe unapungukiwa nini?" Nikanyamaza.

Sasa anasema vidonge vya kila siku vinaniozesha ini na kwa kuwa nimepona niviache, nami navificha kwenye kikapu changu cha wali. Hilo ningelivumilia. Lakini juzi Vanna amejifungua mtoto mwingine, ametoka damu kama nilivyotoka mimi, maziwa hayaji, na akikaa juu ya moto anaanguka. Nilisema tumpeleke hospitali, Mama Onsi akacheka, akasema, "Hospitali ya nini, mwanangu, na wewe ndiye ushahidi wangu?" Akaongeza kuni.

Shangazi, mwambie wewe. Anakusikiliza redioni kila Jumamosi akichambua pilipili, na akilisikia kwako hataniona msaliti. Na umpigie wimbo wa khene, ile zumari yetu ya mianzi, nampenda kuliko ninavyoweza kueleza.

Sengmani, Paksong.

*

Sengmani, mdogo wangu, barua yako ameileta dereva wa gari la kahawa asubuhi hii, na nimeipandisha juu ya barua zote. Wenye kesi za waume mtanisubiri.

Nimefurahi umepona, na nakuona una moyo mzuri. Lakini umenitia hasira pia. Unamshukuru vipi mtu kwa kumwacha aendelee kukosea mbele ya macho yako? Mumeo anauliza unapungukiwa nini. Ajibiwe leo, anayepungukiwa ni dada yake.

Nimempigia daktari wa tezi kabla sijafungua kinywa hapa. Anasema si kila aliyetoka damu akizaa huugua kama wewe, vipimo ndivyo vitakavyosema. Ila mzazi aliyetoka damu nyingi, hana maziwa na anaanguka hovyo, hakai nyumbani kusubiri. Anapelekwa hospitali leo.

Na wewe usiguse mawazo ya kuacha vidonge. Vinafanya kazi ambayo mwili wako hauwezi tena kuifanya, na ukivikatisha ghafla homa ndogo tu inaweza kukulaza usiamke. Ukiugua, fuata alichokuelekeza daktari kuhusu kuongeza dozi, na ukitapika usingoje, kimbia hospitali. Tena vitoe kwenye kikapu cha wali, mama wewe, mvuke utaviharibu vyote.

Umeniomba nimwambie mama mkwe kwa niaba yako. Siku nyingine ningekurudishia mzigo wako ubebe mwenyewe. Leo nitauanza, wewe utaumaliza.

Mama Onsi, shikamoo. Weka pilipili chini unisikilize. Mkwe wako hakukuficha kwa dharau. Aliitazama mikono yako akakosa moyo wa kukwambia. Kilichomrudishia joto ni vidonge vya Ubon, na moto wako ulikuwa hapo pembeni wakati vinafanya kazi. Usijilaumu. Ulimlisha, ukamtetea, ukamkubali hivyo hivyo alipokuwa hawezi kujaza kikapu, na daktari ameniambia huenda chumvi yako na wali wako ndivyo vilivyomsaidia kushikilia miaka yote ile. Sisi wanawake wa nchi hii tuna deni kwa watu kama wewe, nami nakushukuru hapa hewani mbele ya kila mtu. Lakini jua na hili: mkwe wako hakuwahi kufanya kosa la moto. Tezi yake ilikufa njaa ya damu kabla hujawasha hata kaa moja.

Sasa mteremshe Vanna, taratibu, mlaze, msimkalishe. Yule dereva nimemgeuza na gari lake, yuko njiani anakuja kwenu. Mtoto mchanga mfungeni nguo nzito mwende naye, hospitalini wanajua cha kumpa. Sengmani, panda gari hilo na vidonge vyako mkononi, mwonyeshe daktari, mweleze yaliyokupata wewe tangu siku ya kwanza, asije akapoteza muda kutafuta. Vanna alimpa mwanao titi bila kuombwa. Wewe mpe maneno hayo.

Na wewe Mama Onsi nakupa kazi. Aliyeweza kukaa na makaa yasizime ndiye anayefaa kutunza vidonge vya mkwe wake, na vya binti yake kama itabidi. Kila asubuhi avipokee kutoka mkononi mwako.

Wimbo wa khene ninao hapa mezani, nimeshauandaa. Sitaupiga sasa kwa sababu nawajua, mtakaa kuusikiliza. Nitaupiga mkirudi nyote watatu na mtoto. Zimeni redio mwende.