Chupa Uliyonipa Dirishani

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, maana mwaka jana tulikulaza pale kihambani, chini ya migomba yetu, karibu na babu, lakini nikianza kuzungumza nawe bila kukuamkia ungenikazia macho tu mpaka nikumbuke adabu. Kuna jambo la mwaka ule wa mgao mkali wa umeme ambalo nilikusimulia nusu. Nusu nyingine nimekaa nayo miaka yote hii.

Unakumbuka nilipanda Mwika kwa Krismasi na binti yangu Neema, akiwa na miaka minne. Baba mdogo alikuwa safarini na lori, kwa hiyo mkewe, mama mdogo Anaeli, ndiye aliyehangaika na mbuzi wa sikukuu. Jirani alimchinja, lakini mama mdogo ndiye aliyemlisha wiki nzima, akamshika kichwa, kisha akakikwangua kile kichwa kwa ajili ya supu. Tulikula vizuri. Mimi nikashuka Moshi kazini, nikamwacha Neema kwako amalizie sikukuu. Alipenda kulala na mama mdogo, kitanda kimoja, blanketi moja.

Nilipopanda tena baada ya wiki moja kumchukua, nilimkuta mama mdogo amekaa jikoni amefunika mikono kwa kanga. Ulimwambia aifunue. Vidole vilikuwa vimevimba, na juu yake vipele vikubwa vyenye maji, kila kimoja kimebonyea katikati kama kitovu. Vingine vidogo vilikuwa vimeanza kupanda mikononi mpaka kwenye viwiko. Mwili ulikuwa wa moto. Wewe uliinua mkono wako, ukajigusa shavu, pale penye mashimo ambayo mimi niliyajua tangu utoto na sikuwahi kuuliza yalitoka wapi.

"Hii naijua," ulisema. "Aikande, mchukue mtoto utoke."

"Bibi, ndui imekwisha dunia nzima. Walitangaza."

"Walikuja kuniuliza mimi?"

Ukatusukuma nje, ukafunga mlango, ukabaki ndani na mama mdogo.

Tabibu wa zahanati alikuja mchana ule akasimama kwenye migomba, hakusogea karibu. Alisema labda ni tetekuwanga, labda kitu kingine, yeye hajawahi kuona ndui kwa macho yake na hangependa kuwa wa kwanza. Majirani hawakutaja ndui. Walisema ukimwi, kwa sababu mume ni dereva, na miaka ile kila ugonjwa wa mke wa dereva ulikuwa na jina moja. Kufika jioni hakuna aliyepita tena njia ya kwetu.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye hadubini ya elektroni, ile uliyokuwa ukiiita mashine yangu ya kuonea visivyoonekana. Nilijua kwamba hospitali nyingi zingechukua wiki kadhaa kupata jibu, na mimi ningelipata kwa siku moja kama ningekuwa na kipande cha gamba la kidonda. Kesho yake asubuhi nilikuja dirishani nikakueleza. Nilikuwa na wembe mpya na kichupa cha sindano nilichokichemsha. Ninalo kovu la chanjo ya ndui begani, Bibi. Niliwahi kuchanjwa shuleni, na ningeweza kuingia. Niliyajua hayo nikiwa nimesimama pale, na bado sikuingia. Nikakupitishia wembe na kichupa kati ya nondo za dirisha, nikageuka upande wa mlima, nikamsikia mama mdogo akilia kidogo ulipokuwa unakata.

"Chukua," ulisema. "Usikishike kwa mkono mtupu."

Mzee wa miaka sabini ndiye aliyefanya kazi yangu. Hilo ulilijua. Usilolijua ni lililofuata.

Nilikuambia Neema nitakaa naye Moshi, ndani, bila kumtoa, mpaka nipate jibu. Sikufanya hivyo. Hana kovu begani. Alizaliwa chanjo ikiwa imeshaachwa. Wazo kwamba amelala siku saba kwenye blanketi lile lilinifanya niwe kama mwendawazimu. Niliogopa akiugua kwangu nitamwona akioza mikononi mwangu, basi nikapanda naye Machame, kwa mama mkwe, nyumba yenye watoto watano. Mama mkwe alifurahi. Aliniuliza, "Kuna salama Mwika?" Nikamjibu, "Salama, mama. Nina kazi nyingi tu." Nikawaacha watoto wale wamemzunguka Neema wakigombania kumbeba. Nilishuka barabara ile nikijua nimefanya nini. Sikurudi nyuma.

Asubuhi iliyofuata nilimpigia simu mkuu wangu wa maabara, aliyekuwa likizo Dar. Alisema polepole, kama anayemwelekeza mtu njia: "Ukiona virusi vyenye maumbo ya tofali, huenda ni ndui: funga chumba, usitoke, nipigie. Ukiona maumbo ya yai, yamezungushiwa kama donge la uzi wa kufumia, hayo ni ya ugonjwa wa mbuzi na kondoo. Yapo kwenye ukoo mmoja na ndui, lakini hayaui mtu. Kabla hujaona, usimwambie mtu yeyote."

Umeme siku ile ulitakiwa kurudi asubuhi na kukatwa saa nane. Mashine ile inataka saa nyingi kabla haijakubali kazi: pampu zake lazima zifyonze hewa yote kutoka kwenye bomba lake refu la chuma, maana elektroni haiwezi kupita kwenye hewa. Niliiwasha, nikafungua maji ya kuipoza, nikavaa glavu mbili mbili na barakoa, nikasaga gamba la mama mdogo kwenye tone la maji. Kijiduara cha shaba cha kuwekea sampuli, kidogo kama punje ya mtama, kilinidondoka kutoka kwenye kibano mara mbili. Nikaweka tone juu yake, nikaweka rangi ya madini mazito, nikafyonza maji kwa ncha ya karatasi, nikasubiri kikauke. Nilikuwa peke yangu. Nilihesabu pumzi zangu ndani ya barakoa nikiwaza ni ipi imeingiza ugonjwa.

Saa sita nikazima taa za chumba. Nje jua la Januari liliwaka, ndani palikuwa na ule mwanga wa kijani tu wa kioo cha kutazamia. Nikaongeza mwonzi kwa haraka mno, na utando unaobeba sampuli ukapasuka mbele ya macho yangu, ukajikunja kama plastiki motoni. Ilibidi nitoe kijiduara kile, niandae kingine, nisubiri tena pampu. Saa saba na nusu. Nusu saa imebaki kabla ya umeme kukatika.

Cha pili kilikaa. Nilipita juu yake polepole, mraba kwa mraba, na nikaona uchafu, vipande vya ngozi, uchafu tena. Halafu pembeni ya mraba mmoja nikaona vitu vinne vimekaa pamoja, vyeusi pembezoni. Kwa ukuzaji mdogo vilikuwa virefu kidogo, vina pembe. Niliviona ni tofali. Bibi, nakuapia, niliviona ni tofali. Nikaondoa mkono kwenye mashine, nikajishika kinywa. Nilichowaza si wewe wala mama mdogo. Niliwaza wale watoto watano wa Machame, na sauti ya mama mkwe akiuliza kama kuna salama.

Kilichonirudisha ni kujua kwamba nisipoangalia sasa, umeme utakatika na nitalala na jibu la nusu. Nikaongeza ukuzaji mpaka mara elfu themanini, nikarekebisha ukali wa picha kidogo kidogo. Zile pembe zikalegea, zikawa duara. Mistari ikajitokeza juu ya kimoja, imekwenda mshazari, ikapishana na mingine iliyotoka upande wa pili, sawasawa kama uzi uliozungushwa kwa mkono mtulivu. Kisha kwenye cha pili. Kisha vyote vinne. Nikapiga picha tatu, na nilipokuwa nataka kupiga ya nne chumba kizima kikawa giza na pampu zikanyamaza. Nililia pale pale gizani, kwa sauti.

Nilipanda Mwika kabla sijaenda Machame. Nilipiga kelele toka njiani: "Bibi, si ndui! Ni ya mbuzi!" Ulifungua mlango ukanitazama, ukaniuliza mbuzi yupi. Nikakuuliza kama yule wa Krismasi alikuwa na vidonda mdomoni. Mama mdogo akajibu kutoka ndani, kwa sauti ya kukauka, "Alikuwa navyo. Nilimpaka mafuta." Mama mdogo alipona baada ya wiki kama tano, alama hazikubaki.

Ukakaa kwenye ngazi. Nilikuona unatetemeka, wewe ambaye kwa siku tatu hukutikisika. Ukaniuliza, "Mtoto yuko wapi?" Nikasema Machame, kwa bibi yake, kapumzika. Hukuuliza nilimpeleka lini. Ulisema tu jambo ambalo hukuwahi kulisema kabla wala baada ya siku ile: kwamba ndui ilipokushika ukiwa mtoto, mama yako alimbeba mdogo wako akakimbia usiku ule ule, akakuacha na bibi yako ndani ya nyumba iliyofungwa. "Nilimchukia," ulisema, "mpaka nilipozaa."

Nimejiuliza mara nyingi kama ulikuwa umeshajua nilichofanya. Sikuthubutu kukuuliza, na mama mkwe hajui mpaka leo. Mashine ile iliharibika, wafadhili wakaondoka, vipuri havikupatikana. Sasa imefunikwa turubai na mimi nimehamishiwa kupima damu. Neema yuko sekondari. Akikohoa kwenye simu silali. Na kila nikikumbuka ile barabara ya kushuka Machame bado napatwa na baridi mgongoni, kwa sababu najua kwamba siku ile ingekuwa ndui kweli, ningefanya vile vile.

Nitapanda Jumamosi ijayo niende Machame, nimwambie mama mkwe yote. Naogopa. Niombee huko uliko.

Pumzika, Bibi.

Mjukuu wako niliyesimama nje ya dirisha,
Aikande