Simu Inayosubiri Uitikie

Kabiro, Kawangware,
Nairobi.

Jumamosi, 14 Machi 2026

Mpendwa dada Wayua,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Mgongo umepoa? Rachael mwenzako wa kazi ametuambia kwamba walikutoa upande wa kufua mashuka wakakupeleka kwenye pasi, na kwamba huko mnasimama kutwa nzima. Tafadhali usiyainue yale mabunda peke yako, hata kama msimamizi ana haraka. Na usingizi je, unaupata? Joto la Muscat tunalisikia tu, lakini la hapa mwezi uliopita lilitosha kutufanya tukuonee huruma.

Huku sisi ni wazima. Goti la Mama linamsumbua akipanda ngazi, ila sokoni haachi kwenda, na ndengu zake zinatoka vizuri tangu Januari. Mwanao Alvin ameanza Gredi ya Kumi, na siku hizi hurudi kutoka shuleni usiku. Anasema hesabu ni nyepesi, jambo ambalo sitaliamini mpaka nione ripoti. Amerefuka, na ile suruali uliyomtumia Krismasi sasa inamwishia juu ya kifundo. Mvua ilianza juzi na paa halivuji.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu Rachael anarudi huko Jumatatu, na jambo nililo nalo ni refu kuliko ujumbe wa simu.

Ni lile jambo la Kavoi. Najua binamu yetu alikueleza kwamba anataka mtu wa familia asimamie duka lake la vifaa vya ujenzi kule Masii, na kwamba alinipa mpaka mwisho wa mwezi huu nimjibu. Ningehamia huko moja kwa moja. Mama alikubali, nawe ukaniandikia kwamba kazi ya uhakika nisiikatae. Sikukujibu wakati ule. Sikuwa nimekasirika, nilitaka tu nikujibu nikiwa na jibu. Sasa ninalo: siendi Masii. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujaniita kichwa kigumu.

Unamkumbuka Rania, yule Mnubi niliyesoma naye kozi ya utangazaji, ambaye nyanya yake ana nyumba Kibera, upande wa Lindi? Tangu Oktoba mimi naye tunaunda mfano wa chombo kipya cha habari. Nasema mfano kwa maana mashine yenyewe haipo bado. Tuko katika hatua ya kulionyesha wazo na kulijaribu kwa watu, ili tujue kama linafaa kabla mtu hajaliunda.

Wazo lenyewe ni hili. Watu wengi wa huku wana kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo, au wana simu kubwa isiyo na bando. Habari za nchi nzima wanazipata redioni, lakini habari ya bomba lililo nyuma ya nyumba yao hawana wa kuwaambia. Basi, unaiflash nambari yetu. Inakata, halafu inakupigia yenyewe. Unabonyeza moja kama uko Lindi, mbili kama uko Silanga, tatu kama uko hapa Kabiro. Unasikia sauti ya mtu wa mtaa wako akikwambia maji yanatoka wapi leo, njia gani imefungwa, chanjo ya watoto ni lini, nani amepotelewa na mtoto. Wewe hulipi kitu.

Kwa kuwa mashine haipo, mashine ni Rania. Mtu anayejaribu anakaa barazani kwa Nyanya Mabrouka na simu yake. Rania anakaa chumbani, nyuma ya pazia, na simu nyingine na kompyuta. Akiflashiwa anapiga, na kila mtu akibonyeza, yeye anacheza sauti tuliyorekodi. Mtu anaamini ni mtambo. Akimaliza tunamwambia ukweli, tunamwonyesha Rania, na tunamwomba ruhusa ya kuhifadhi alichosema. Hiyo ndiyo kanuni tuliyoiweka siku ya kwanza, na hatujaivunja.

Januari tulifeli, dada, na tulifeli vibaya. Sauti nilirekodi mimi mwenyewe, vile tulivyofundishwa: hujambo msikilizaji, habari za leo, kisha moja kwa moja kwenye maji. Watu walisikiliza, lakini tukiwauliza baadaye maji yako wapi, hawajui. Nikasema ni sauti iko chini. Nikarekodi tena kwa nguvu. Nikasema ninaenda mbio, nikarekodi polepole. Tukabadilisha simu. Ukifungua shajara yangu ya wiki zile, kila siku nimeandika ubovu wa sauti, na kila siku nilikuwa nimekosea.

Aliyetufungua macho ni Phanuel, muuza makaa wa Silanga. Ni mtu wa utani mwingi, na tayari alikuwa amejaribu mara mbili bila kushika kitu. Simu ikamwambia hujambo. Akajibu, "Sijambo, we uko aje?" Sauti yangu ikaendelea na maji. Akasema, "Ngoja kwanza!" Sauti ikaendelea na chanjo. Akaiondoa simu sikioni akaniangalia.

"Huyu msichana ana haraka ya kwenda wapi? Ananisalimia na hataki kujua niko aje! Hata wale wa kuuza bima hunipea nafasi nimalize."

Nikamuuliza maji yako wapi.

"Maji gani? Mimi nilikuwa bado naitikia."

Rania akashindwa kujizuia kule ndani. Phanuel, ambaye alishaonyeshwa Rania tangu jaribio la kwanza, akageuka. "Kwani mashine yenu hucheka pia?"

Nikadhani labda ni umri. Tukamwita Ishmael wa bodaboda, kijana, tukamwekea sauti ya vijana inayoanza na niaje. Naye akajibu, "Poa sana, niambie," na kufikia hapo maji yalikuwa yameshapita. Ndipo tulipoelewa. Redio huongea na umati, kwa hivyo hakuna anayejisumbua kuijibu. Lakini simu ukiiweka sikioni ni mtu, na mtu akikusalimia lazima umwitikie. Sisi wawili tumetoka shule ya redio, tukaisalimia Kibera nzima bila kungoja jibu la hata mmoja.

Dawa ilikuwa rahisi. Tulirekodi upya: salamu, kisha kimya. Rania akaambiwa asiguse kitu mpaka mtu anyamaze mwenyewe.

Hatukutarajia kilichofuata. Siku ya kwanza ya Februari tuliyojaribu hivyo, Phanuel aliulizwa habari ya huko, akajibu, "Si mbaya, lakini bomba letu limepasuka tangu jana, hapo kando ya mashamba ya sukuma. Maji yanaingia kwa makaa yangu." Nasi tulikuwa tayari tumemrekodia kwamba Silanga maji yapo na hakuna shida! Habari ya kweli ilikuwa kwenye jibu lake.

Tangu siku hiyo wazo limebadilika. Kile watu wanachosema wakiitikia, tunakikusanya. Mtu wa pili wa mtaa uleule akisema jambo lilelile, jirani mmoja analirekodi na linatoka. La mtu mmoja peke yake halitoki, maana kuna bwana wa Lindi aliyeitumia nafasi hiyo kumtukana mwenye nyumba wake mpaka koo likamkauka. Rania bado anasema ile ndiyo ilikuwa habari tamu kuliko zote. Chombo tumekiita Itikia.

Ijumaa ya wiki iliyopita, tarehe sita, tulikipeleka mbele ya jopo katika kituo kimoja cha ubunifu kule Ngong Road. Wanachagua mawazo machache na kuyapa meza, mafundi wa kompyuta na nusu mwaka wa kuyaunda kikweli. Nilijua kwamba wakikataa, nitafunga sanduku niende kwa Kavoi, na Rania peke yake hataendelea. Kwa hivyo usifikiri nilisimama pale kwa mchezo.

Bwana mmoja wa jopo alitusikiliza vizuri, kisha akasema, "Toeni hiyo salamu. Kila kimya mnakilipia nyinyi. Mtu anataka habari, mpeni habari."

Nilimwambia kwamba hivyo ndivyo tulivyoanza, na watu hawakushika hata neno. Nikamchezea rekodi ya Phanuel ya Januari, halafu ile ya Februari. Akaomba ile ya pili irudiwe. Akauliza huyo mwandishi wetu wa Silanga analipwa nini.

"Ni muuza makaa," Rania akamwambia, "na bado hajui kama ameajiriwa."

Walicheka, lakini hawakutupa jibu. Walisema Kibera peke yake haitoshi, tujaribu na Kawangware tuwapelekee matokeo katikati ya wiki. Basi Jumatatu na Jumanne tulikuwa hapa nyumbani, Rania kwenye chumba cha nyuma, wanaojaribu sebuleni. Yeye amefunga mwezi mtukufu, na kufikia mchana sauti inamkauka, kwa hivyo salamu za Kabiro alizirekodi Maggie, msusi wa hapa chini.

Mwanzoni Mama alikuwa ameikataa kabisa kazi yangu hii. Aliiita mambo ya kupigia watu simu. Lakini Jumanne alirudi mapema kwa sababu ya goti, akawakuta majirani wakingoja zamu, naye akataka yake. Tulimweleza kabisa kwamba atasikia sauti iliyorekodiwa. Akaketi na kabambe yake. Mimi nilikuwa kwa Rania, tukigawana visikizio.

Sauti ya Maggie ikauliza habari ya nyumbani. Kisha kimya.

"Ni nzuri, Maggie," Mama akasema.

Rania hakugusa kitu. Nitakuandikia maneno yaliyofuata kama yalivyokuwa.

"Ni nzuri tu. Ila nyumba imekuwa kubwa. Wayua yuko Oman, na kila akipiga namwambia tuko sawa, sababu nikimwambia namkosa atalia mbele ya watu wa kazi. Na huyu mwingine nimemwambia aende kwa Kavoi. Nikifikiria vile nitakuwa nikirudi jioni na kukuta kufuli mlangoni... Sijui mbona nilimwambia. Niliona ni aibu kukatalia mtu kazi. Haya Maggie, niambie hayo maji."

Rania akambonyezea maji.

Nilitaka kunyamaza, dada, nakwambia kweli. Lakini kanuni ni kanuni, na huyu ni mama yangu. Tulitoka tukamwambia. Alimtazama Rania kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Kwa hivyo mashine ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Na njaa yote hiyo ya kufunga, ukanisikiliza mpaka mwisho?"

"Ulikuwa hujamaliza, mama."

Mama akasema, "Ya maji wekeni. Ya watoto wangu futeni." Tuliifuta mbele yake. Hakuniambia neno lingine, akaenda kuosha ndengu. Asubuhi yake, kabla hajaenda sokoni, alimpigia Kavoi mwenyewe, wakaongea Kikamba, na nikamsikia akimwambia amtafute mtu mwingine kwa sababu huyu wake ana kazi. Kavoi alinung'unika, lakini amempata Nzuki wa shangazi, ambaye kwa kweli anapenda saruji kuliko mimi.

Angalia vizuri hapo: alipompigia, jibu la jopo lilikuwa halijafika. Lilifika jioni ya siku hiyo ya Jumatano, baada ya kuwapelekea matokeo ya Kabiro. Wametuchukua, na kimya chetu hakikuguswa. Tunaanza baada ya Pasaka. Sitakudanganya kwamba kila kitu kimekwisha. Ikifika Oktoba nasi hatuna mashine inayofanya anayofanya Rania nyuma ya pazia, watatuaga. Ninavyoona, tutaimaliza. Ugumu ulikuwa kujua ni nini cha kuunda, na sasa tunajua. Sehemu yangu ya kodi nitaitoa kama kawaida, kwa hiyo usianze kufanya kazi za ziada kwa ajili yangu.

Nilimuuliza Mama kama naweza kukuandikia yale aliyosema. Alifikiri, kisha akasema, "Mwandikie. Mimi kwa simu siwezi." Ndiyo maana umeyapata hapa.

Basi ukipiga Jumapili naye akuambie tuko sawa, usiharakishe kwenda kwa jambo lingine. Nyamaza tu. Mpe nafasi. Yeye ataendelea.

Nisalimie wenzako wote wa chumbani, hasa yule Mganda aliyekukanda mgongo. Alvin anakusalimu na anaomba uulize habari za masomo yake kwa upole. Rania na Nyanya Mabrouka wanakusalimu pia, Idi yao ni wiki ijayo na sisi tumealikwa. Maggie naye anasema ukirudi nywele zako ni zake. Mungu aitunze mikono yako unayofanyia kazi, akupe usingizi mzuri katika nchi ya watu, na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Mdogo wako akupendaye kila siku,

Mwongeli